Ugonjwa wa Mtu Mmoja Katika Laki

Vitabu vya tiba husema kwamba ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao madaktari hulitamka jina lake "Giyen-Bare", humpata mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Ukiisoma takwimu hiyo haraka, utaona ni ugonjwa wa kusimuliwa tu, usioweza kumfikia mtu unayemjua. Lakini laki moja si watu wengi. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7; ile ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu milioni 47.6. Kwa kiwango cha chini kabisa cha mtu mmoja katika laki, Tanzania ingetarajia wagonjwa zaidi ya 600 kila mwaka na Kenya wasiopungua 470. Duniani kote wanakadiriwa kufika laki moja kwa mwaka. Kwa mtu mmoja mmoja ugonjwa huu ni nadra kweli. Kwa nchi ni jambo la kila mwaka, na kwa hospitali ya rufaa ni mgonjwa ambaye hana budi kufika siku moja. La kujiuliza ni kama atakapofika atatambuliwa, na atakuta nini wodini.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia neva, ile mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye misuli na ngozi. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi au michomo kama ya sindano kwenye nyayo na vidole. Baada ya siku moja au mbili miguu inaishiwa nguvu: kupanda ngazi kunamshinda, kuinuka kwenye kiti kunamshinda. Udhaifu unapanda, kwa kawaida pande zote mbili kwa pamoja, kutoka miguuni hadi mikononi, na kwa wengine hadi usoni, kooni na kwenye misuli ya kupumua. Daktari akigonga goti kwa nyundo yake ndogo, mguu hauruki. Wagonjwa wengi hufika kwenye hali yao mbaya kuliko zote ndani ya wiki mbili, na karibu wote ndani ya wiki nne. Hapo ugonjwa unatulia kwa siku au wiki kadhaa, kisha nguvu zinaanza kurudi polepole. Akili muda wote huo ni timamu. Mtu anasikia kila kinachosemwa kando ya kitanda chake hata kama hawezi kuinua kidole.

Majina mawili yaliyobaki kwenye ugonjwa huu ni ya madaktari wa jeshi la Ufaransa, Georges Guillain na Jean Alexandre Barré. Mwaka 1916, wakiwa na mwenzao André Strohl, waliandika habari za askari wawili waliopooza kisha wakapona. Walichokiona kipya kilikuwa kwenye maji ya uti wa mgongo: protini ilikuwa nyingi kupita kawaida, lakini seli hazikuongezeka kama zinavyoongezeka katika polio au homa ya uti wa mgongo. Kupooza kunakopanda kutoka miguuni kulikuwa kumeshaelezwa na Mfaransa mwingine, Octave Landry, mwaka 1859. Kipimo hicho cha maji ya mgongo kinatumika hadi leo, ingawa ndani ya wiki ya kwanza protini inaweza kuwa bado ya kawaida, na daktari asiyelijua hilo anaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Takriban theluthi mbili ya wagonjwa hukumbuka kwamba waliugua kitu kingine wiki chache kabla: kuhara, au mafua na kikohozi. Kichochezi kinachojulikana zaidi ni bakteria aitwaye Campylobacter jejuni, anayepatikana kwenye nyama ya kuku isiyoiva, maziwa yasiyochemshwa na maji machafu. Katika ngozi ya bakteria huyu kuna sukari zinazofanana sana na mafuta-sukari yaliyomo kwenye neva za binadamu. Kinga inatengeneza askari wa kumsaka bakteria, na askari hao, kama polisi waliopewa rangi ya shati tu ya mwizi, wanamkamata jirani aliyevaa shati la rangi hiyohiyo. Kwa baadhi ya wagonjwa kinachoharibiwa ni ala ya mafuta inayoifunika neva. Kwa wengine ni uzi wenyewe wa neva ulio ndani ya ala. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu ala hutengenezwa upya kwa wiki chache, ilhali uzi uliokatika huota upya taratibu mno, na mara nyingine haufiki unakokwenda. Virusi vya mafua ya influenza, vya homa ya ini aina ya E na vya Zika navyo vimo kwenye orodha ya vichochezi. Hata hivyo, wanaougua Guillain-Barré baada ya kuambukizwa Campylobacter ni kama mtu mmoja tu katika kila elfu.

Sasa turudi kwenye ile takwimu ya mmoja au wawili katika laki. Uchambuzi unaonukuliwa zaidi ulichapishwa mwaka 2011, nao ulikusanya tafiti za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ndani yake kiwango kilikuwa kati ya 0.81 na 1.89 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Wanaume walipata ugonjwa zaidi kuliko wanawake, na kila miaka kumi ya umri iliongeza hatari kwa asilimia 20: watoto chini ya miaka kumi walikuwa 0.62 katika laki, wazee wa miaka 80 hadi 89 walikuwa 2.66.

Takwimu hizo haziwezi kuhamishiwa kwetu kama zilivyo. Nchi za Afrika Mashariki zina vijana wengi na wazee wachache, kwa hiyo kwa hesabu ya umri peke yake tungetarajia wagonjwa pungufu kuliko Uholanzi au Kanada. Lakini maambukizi ya tumbo kwetu ni mengi, na hilo linavuta hesabu kuelekea upande wa pili. Bangladesh, nchi yenye vijana wengi na maji yasiyo salama, imeonyesha upande upi unaweza kushinda: huko viwango kwa watoto viko juu kuliko vya watoto wa Ulaya, kuhara ndiko kunakotangulia ugonjwa mara nyingi, na aina inayoharibu uzi wa neva ndiyo iliyoenea. Kaskazini mwa China nako, mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari walieleza milipuko ya kiangazi iliyowapooza watoto wa vijijini kwa aina hiyohiyo. Kwa maoni yangu Afrika Mashariki inafanana zaidi na Bangladesh kuliko na Ulaya, na mipango yetu ingepaswa kuanzia hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wastani wa mwaka hauwezi kulionyesha: ugonjwa nadra unaweza kuja kwa mkupuo. Kwenye visiwa vya French Polynesia, vyenye watu wapatao 270,000, virusi vya Zika vilipopita mwaka 2013 na 2014 wagonjwa 42 wa Guillain-Barré walipatikana katika muda wa miezi michache, mahali ambapo wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja ndio wangetarajiwa. Peru ilitangaza dharura ya afya ya kitaifa kwa sababu ya ugonjwa huu mwezi Julai 2023. Mapema mwaka 2025, mji wa Pune nchini India ulipata wagonjwa zaidi ya 200, na maji yaliyochafuliwa ndiyo yaliyonyooshewa kidole. Hospitali yenye mashine mbili za kupumulia inaweza kumhudumia mgonjwa mmoja kwa mwezi. Wakija watano wiki moja, hesabu inageuka.

Hapa lazima niguse chanjo, maana uvumi umekuwa mwingi. Mwaka 1976 Marekani iliwachanja watu wapatao milioni 45 dhidi ya mafua ya nguruwe, na ikabainika kwamba kwa kila laki moja waliochanjwa aliongezeka mgonjwa mmoja hivi wa Guillain-Barré. Kampeni ikasimamishwa. Chanjo za influenza za siku hizi, pale ambapo hatari imeonekana, zinahusishwa na mgonjwa mmoja au wawili wa ziada katika kila milioni. Influenza yenyewe huleta Guillain-Barré kwa kiwango kikubwa kuliko hicho. Anayemzuia mwanawe asichanjwe kwa kuogopa ugonjwa huu anaikimbia hatari ndogo na kuikaribisha iliyo kubwa.

Je, nani anahesabu kwetu? Jibu ni la kushangaza kidogo: watoto wanahesabiwa, watu wazima hawahesabiwi. Ili kuitokomeza polio, kila nchi iliweka utaratibu wa kutafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla kwa ulegevu. Shirika la Afya Duniani linadai nchi ipate angalau mtoto mmoja wa namna hiyo asiye na polio katika kila watoto 100,000 kwa mwaka. Ikipata pungufu, maana yake haitafuti vya kutosha. Mhudumu wa afya anachukua sampuli mbili za choo ndani ya siku 14 tangu mtoto apooze, zinasafirishwa zikiwa kwenye baridi hadi maabara kama ile ya taasisi ya utafiti ya KEMRI jijini Nairobi, na baada ya siku 60 mtoto anapimwa tena kuona kama ulemavu umebaki. Mwezi Agosti 2020 Kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya polio vya asili. Mahali ambapo polio imeondoka, Guillain-Barré ndiyo sababu kubwa ya kupooza kwa namna hii. Kwa maneno mengine, tuna mtandao unaofika hadi kijijini, nao kila mwaka unawakamata watoto wenye ugonjwa huu. Majibu ya maabara yakirudi yakisema "si polio", mara nyingi faili linafungwa. Wazazi wa mtoto huyo bado hawajaambiwa ana nini.

Polio na Guillain-Barré zimechanganywa tangu zamani. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipooza mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 39 na akatibiwa kama mgonjwa wa polio maisha yake yote. Mwaka 2003 watafiti walizipitia upya dalili zake wakasema zinaelekea zaidi kwenye Guillain-Barré. Wataalamu wengine hawakukubali, na ubishi haujakwisha.

Nje ya utaratibu huo wa kuhesabu watoto, Afrika Mashariki ina tafiti chache lakini za thamani. Mwaka 1988 zilichapishwa habari za wagonjwa 54 wa Kenya. Mwaka 1996 daktari William Howlett wa hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na wenzake wa Bergen, walilinganisha wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania na wale wa magharibi mwa Norway. Kusini zaidi, Harare nchini Zimbabwe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari waligundua kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wa Guillain-Barré walikuwa na virusi vya Ukimwi (VVU). Hilo liliacha funzo ambalo bado lina nguvu katika wodi zetu: mgonjwa wa namna hii apimwe VVU bila kusubiri.

Howlett huyohuyo alichunguza konzo huko Tarime, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaowapata watu wanaokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri wakati wa ukame, na unaojulikana sana Kongo. Ninautaja kwa sababu mtu aliyepooza miguu ghafla, akiwa kijijini, anaweza kuwa na konzo, Guillain-Barré, upungufu mkubwa wa potasiamu, uvimbe unaobana uti wa mgongo au kifua kikuu cha mgongo, na wakati huo jirani ameshasema amerogwa. Nyundo ya kugonga goti inatenganisha mengi kati ya haya. Kwenye konzo miguu inakakamaa na goti linaruka kupita kiasi; kwenye Guillain-Barré miguu inalegea na goti halijibu. Haihitaji umeme wala maabara. Inamhitaji mtu aliyefundishwa.

Tukija kwenye ukali, madaktari hutumia kipimo cha ngazi kutoka 0 hadi 6. Sifuri ni mzima. Ngazi ya 3 ni anayetembea mita kumi kwa kushikiliwa, ya 4 amelala kitandani au yuko kwenye kiti cha magurudumu, ya 5 anapumua kwa mashine, ya 6 amefariki. Wagonjwa wengi wanaolazwa hufika ngazi ya 4. Kama robo yao hufika ya 5. Katika nchi tajiri wanaofariki ni kati ya asilimia 3 na 7, na wapatao asilimia 20 bado hawawezi kutembea bila msaada baada ya miezi sita. Bangladesh vifo vimepita asilimia 10 hata katika hospitali zinazofanya utafiti.

Ninaposoma "asilimia 5 hufariki" kwenye kijitabu cha afya cha Kiswahili, nasikia uchungu, kwa sababu takwimu hiyo ni ya wodi yenye mashine ya kupumulia iliyo huru, oksijeni isiyokatika, muuguzi anayefyonza makohozi usiku kucha na dawa iliyopo kwenye kabati. Ondoa kimoja baada ya kingine, na ugonjwa uleule unakuwa na takwimu nyingine. Mtu hauawi na neva zilizovimba. Anakufa kwa sababu misuli ya kifua imechoka, au kwa nimonia ya mate yaliyopita njia mbaya, au kwa damu iliyoganda mguuni na kukimbilia kwenye mapafu, au kwa presha inayopanda na kushuka ghafla kwa kuwa neva zinazouongoza moyo nazo zimeguswa. Karibu kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuzuiwa au kuvukwa, kwa sababu mwili wenyewe umeshaanza kujirekebisha. Anachohitaji mgonjwa ni kuvushwa wiki chache.

Matibabu yanayopunguza makali ni mawili. La kwanza ni kubadilisha plazma: damu inatolewa, maji yake yenye askari waasi yanaondolewa, seli zinarudishwa. Jaribio kubwa la Amerika ya Kaskazini lililochapishwa mwaka 1985 lilithibitisha kwamba linasaidia. La pili ni imunoglobulini ya mshipani, kingamwili zilizokusanywa kutoka kwenye plazma ya maelfu ya wachangiaji damu; Waholanzi walionyesha mwaka 1992 kwamba haipitwi na la kwanza. Yote mawili hufaa zaidi yakianza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Steroidi, ambazo ni rahisi na zipo kila duka la dawa, hazisaidii ugonjwa huu, na za kumeza zimeonekana kuchelewesha nafuu. Hapa ndipo mgonjwa asiye na uwezo anapoumia mara mbili: anakosa dawa inayofaa na anapewa isiyofaa.

Dozi ya imunoglobulini ni gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, ikigawanywa kwa siku tano. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 120, yaani chupa 24 za gramu tano. Watafiti wa Bangladesh walikadiria kwamba dozi kamili huko inagharimu kati ya dola 12,000 na 16,000. Hakuna familia ya mkulima wa Kigoma au mvuvi wa Lamu inayoweza kulipa kiasi hicho kwa siku tano, hata wakiuza shamba na kuchangishana ukoo mzima.

Kabla ya dawa, hata hivyo, kuna kazi ambayo haigharimu kitu. Mgonjwa anavuta pumzi moja ndefu na kuhesabu kwa sauti, namba mbili kwa sekunde, hadi pumzi imwishie. Mtu mzima mwenye afya anafika 30 na zaidi. Anayeishia chini ya 15, au aliyefika 28 asubuhi na sasa jioni anakwamia 18, kifua chake kinashindwa, hata kama oksijeni kwenye kipimo cha kidole bado inasoma vizuri. Kipimo hicho hushuka dakika za mwisho. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kumhesabisha mgonjwa kila baada ya saa chache, na hata ndugu anayemuuguza anaweza kufundishwa. Namba zikishuka, rufaa inaitwa mchana, wakati gari lipo, na mgonjwa anasafiri akiwa na mtu anayeweza kumpumulisha kwa mfuko. Rufaa iliyochelewa inaweza kumfanya mgonjwa afie njiani kati ya wilaya na mkoa.

Takwimu za vifo pia hazisemi chochote juu ya miaka inayofuata. Wengi walioandikwa "amepona" wanabaki na uchovu mzito usiolingana na kazi waliyofanya, na maumivu au ganzi ya miguu. Fundi cherehani asiyehisi ncha za vidole na dereva wa bodaboda ambaye kifundo cha mguu hakiinuki wamepona kwenye faili tu. Kupona kunaendelea kwa mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine zaidi, na mazoezi ya viungo ndiyo yanayozuia maungo yasikakamae wakati neva zinarudi. Lakini mgonjwa ameruhusiwa, nauli ya kwenda kliniki kila wiki haipo, na mtaalamu wa mazoezi yuko mkoani. Ugonjwa kwa kawaida haurudi. Kwa wachache, pungufu ya mmoja katika ishirini, hurudi, na wengine kama hao hubainika kuwa na ndugu yake, ugonjwa sugu wa kuvimba neva, ambao unahitaji tiba ya muda mrefu.

Bangladesh haikusubiri bei ya imunoglobulini ishuke. Watafiti wa Dhaka, wakishirikiana na wenzao wa Rotterdam, walijaribu njia ya kubadilisha plazma bila mashine: damu kidogo inatolewa kwenye mfuko, inaachwa ituame, plazma inaondolewa, seli zinarudishwa kwa mgonjwa, na zoezi linarudiwa mara kadhaa kwa siku hadi lita zipatazo nane zimeondolewa ndani ya siku nane. Gharama yake ni kama dola 500. Jaribio lao, lililochapishwa mwaka 2018, lilikuwa na wagonjwa 20 tu na lililenga kuona kama njia hiyo ni salama na inawezekana, wakaona ndivyo. Kama inaokoa na kurudisha nguvu sawa na tiba ghali ni swali linalohitaji jaribio kubwa, lenye mamia ya wagonjwa kutoka nchi ambazo ugonjwa una sura ya aina hii. Uchunguzi wa kimataifa unaofuatilia Guillain-Barré tangu mwaka 2012 umepata wagonjwa wake wa Afrika kutoka Afrika Kusini. Hospitali za Muhimbili, Bugando, Mulago, Kenyatta na Eldoret zina benki za damu, zina mifuko, na kila mwaka wagonjwa wenyewe wanafika.